Picha za mimea na viumbe wadogo katika nyika ya Dodoma: dalili, vyanzo na marekebisho

Mtu anayepiga picha za maua ya porini, wadudu, buibui na mijusi katika nyika ya Dodoma hukutana na matatizo ambayo mwenzake wa pwani au wa milima ya Usambara hayapati kwa kiwango hicho. Jua ni kali na anga haina mawingu kwa miezi mingi, upepo wa kiangazi haupumziki, vumbi jekundu huingia kila mahali, na mvua, ambayo kwa wastani ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha karibu yote kati ya mwishoni mwa Novemba na Aprili. Picha inapoharibika katika mazingira haya, wengi hulaumu kamera na kuanza kutafuta fedha za lenzi nyingine. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu sehemu kubwa ya kasoro hizi hutokana na saa, mahali na namna mpiga picha alivyokaa, na lenzi mpya itazirudia zote.

Njia ya uhakika ni kuichunguza picha kwanza, ungali porini na kiumbe angali mbele yako. Ikuze kwenye kioo hadi mwisho, utafute sehemu iliyo kali, yaani inayoonekana wazi, kuliko zote, kisha ujiulize kwa nini ukali umekaa hapo na si kwingine. Maelezo yanayofuata yanaanza na dalili kama hiyo na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Yanamfaa mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha na mwenye simu pia. Pale wanapotofautiana nitasema.

Picha ina ukungu

Kasoro nne tofauti huonekana kama ukungu mmoja kwenye kioo kidogo cha kamera, na kila moja ina dawa yake. Ndiyo maana kukuza picha si jambo la hiari.

Katika kasoro ya kwanza hakuna kitu chochote kilicho kali, na kila ncha, iwe ni mwiba, unywele wa kiwavi au tone la umande, imevutwa kuelekea upande ule ule. Huo ni mtikisiko wa mkono. Kadiri unavyosogea karibu na kitu, ndivyo mtikisiko mdogo unavyokuzwa pamoja nacho, na kiimarishaji kilichomo ndani ya lenzi, ambacho husaidia sana katika picha za mbali, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake katika umbali wa sentimita chache. Kwa lenzi ya milimita 100 inayomwonyesha mdudu kwenye sensa (kipande ndani ya kamera kinachopokea picha) kwa ukubwa wake halisi, anza na kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ya 1/250 ya sekunde, na upande hadi 1/500 ikiwa umechuchumaa bila kuegemea popote. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mtama, ukiwekwa chini ya lenzi juu ya jiwe au kisiki, hutuliza kamera vizuri kuliko tripodi nyingi za bei nafuu, na hushuka hadi usawa wa ardhi, mahali ambapo viumbe wengi wadogo wa nyika wanaishi. Ukitumia tripodi, weka kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, kwa kuwa kidole kinachobonyeza nacho hutikisa.

Katika kasoro ya pili jiwe, gome au shina ni kali, lakini ua au vipapasio vya mdudu vimefifia. Kamera ilitulia, kilichosogea ni kitu chenyewe, na katika Kanda ya Kati msukumaji karibu siku zote ni upepo. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wa mashariki na kusini mashariki huanza kuamka jua likipanda na huwa na nguvu zaidi mchana na alasiri. Saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza, ambalo hapa huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi kutegemea mwezi, huwa na utulivu ambao hautarudi tena siku hiyo. Anayetoka mjini saa 3 akiwa amekwisha kunywa chai ataukuta utulivu huo umekwisha. Ikiwa huna budi kufanya kazi kwenye upepo, kaa upande unaotoka upepo ili mwili wako uwe kizuizi, au mwombe mwenzako akushikie kanga au mwavuli mahali hapo. Chomeka kijiti kando ya shina na ulishike shina kwa kibanio cha nguo, kwa wepesi, ukihakikisha kibanio hakionekani kwenye fremu. Baada ya hapo subiri. Upepo huja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi shina hurudi kwenye nafasi yake ya asili kwa sekunde moja au mbili. Lenga nafasi hiyo mapema, usilikimbize ua linapoyumba. Kulichuma ua ili kulipiga picha penye utulivu ni jambo nisilolikubali hata kidogo: ua lililochumwa huanza kunyauka ndani ya dakika chache katika joto hili, na wadudu walioliendea wanalikosa.

Kasoro ya tatu ni pale ukali unapokuwepo, tena mzuri, lakini umekaa kwenye jani la nyasi lililo mbele ya mdudu au kwenye gome lililo nyuma yake. Ulengaji wa kamera umechagua kitu kingine. Nyasi kavu za kiangazi huiponza kamera kirahisi kwa sababu zina mistari mingi yenye tofauti kubwa ya mwanga na kivuli, na mfumo wa kulenga hupenda mistari hiyo. Chagua nukta moja ndogo ya kulengea na uiweke juu ya jicho la kiumbe. Kamera ikiendelea kwenda mbele na nyuma bila kutulia, zima ulengaji wa kujiendesha, weka lenzi kwenye umbali unaoutaka, kisha sogeza mwili wako mbele taratibu kwa milimita chache huku ukipiga picha kadhaa mfululizo. Moja kati ya hizo itakuwa imekamata jicho.

Kwa simu, chanzo cha kasoro hii mara nyingi ni programu yenyewe. Simu nyingi za miaka ya karibuni, zikisogezwa karibu sana, huacha kamera kuu na kuhamia kwenye lenzi pana, ambayo inaweza kulenga sentimita 2 au 3 tu kutoka kwenye kitu lakini hutoa picha hafifu na kumtia mdudu kwenye kivuli cha simu. Ukiona picha kwenye kioo imeruka ghafla na pembe yake kubadilika, hayo ndiyo yaliyotokea. Rudi nyuma hadi kamera kuu irejee, kuza mara 2, gusa jicho la mdudu kwenye kioo na ushikilie kidole hadi ulengaji ufungwe. Wanaotumia lenzi ndogo ya kubana juu ya simu wajue kwamba lenzi hiyo ina umbali mmoja tu inaoupenda, kwa hiyo kinachosogea ni mkono, si ulengaji.

Kasoro ya nne haina mwelekeo na haina mahali: picha nzima imelegea na weusi wake umekuwa kijivu. Tazama kioo cha mbele cha lenzi kwanza. Mafuta ya kidole kwenye simu na vumbi jembamba kwenye kamera, vikipigwa na jua la pembeni, hutandaza mwanga picha nzima. Futa kwa kitambaa laini baada ya kupuliza vumbi, kwa sababu vumbi la Dodoma lina chembe za mchanga zinazokwaruza kioo zikisuguliwa, kisha kinga lenzi na jua kwa kiganja. Ikiwa kioo ni safi, angalia namba ya f, inayoonyesha upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Mpiga picha anayetafuta ukali wa kina hufunga tundu la lenzi hadi f/22, bila kujua kwamba katika ukaribu huo tundu hutenda kazi kana kwamba limefungwa zaidi: mdudu akionyeshwa kwa ukubwa wake halisi, f/11 hufanya kazi kama f/22, na f/22 kama f/45. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo kiasi hicho hutawanyika, na picha yote hulegea. Kaa kati ya f/8 na f/11.

Jicho ni kali lakini mwili umepotea

Hapa hakuna kilichoharibika. Ni kanuni ya mwanga. Katika kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, kwa ukubwa halisi na f/8, tabaka linalokuwa kali lina unene wa takriban milimita 1. Ukirudi nyuma hadi mdudu awe nusu ya ukubwa wake kwenye sensa, unene huo hufika karibu milimita 3. Kurudi nyuma kidogo na kukata picha baadaye kunakupa zaidi ya vile tundu dogo lingekupa, na hakuna gharama yoyote.

Jambo la pili ni pembe. Panzi anayetazamwa kutoka mbele ana urefu wa sentimita kadhaa kwenda nyuma, na hakuna tundu la lenzi litakalomfunika; panzi huyo huyo akitazamwa ubavuni, na kamera ikiwa sambamba na mwili wake, ataingia karibu wote ndani ya tabaka lile lile jembamba. Vipepeo waliofunga mabawa na majani mapana hufuata kanuni hiyo hiyo. Kupiga picha nyingi zenye ulengaji tofauti na kuziunganisha kwa programu ya kompyuta ni njia nzuri kwa ua lililotulia alfajiri au konokono aliyejifungia ndani ya gamba. Penye upepo kipande cha juu na cha chini havitakutana.

Nusu ya picha imeungua, nusu ni giza

Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Katika majuma ya karibu na siku hizo, na kwa kweli katika saa za mchana za miezi mingi, mwanga hushuka wima: sehemu ya juu ya ua huwa nyeupe isiyo na mshipa wala chavua, na chini ya petali ni weusi mtupu. Kamera haiwezi kubeba tofauti hiyo yote, na hakuna programu itakayorudisha kilichoungua.

Dawa ni kuupunguza mwanga wenyewe. Kitambaa cheupe chepesi, kikishikwa kati ya jua na ua umbali wa nusu mita, hugeuza jua kali kuwa mwanga laini unaotoka pande nyingi. Karatasi nyeupe iliyowekwa chini ya ua hurudisha mwanga kwenye sehemu zilizofichika. Hakikisha kwamba kivuli kimefunika na mandhari ya nyuma pia, la sivyo ua litakuwa sawa na nyuma yake pataungua.

Maua meupe yanahitaji uangalifu wa pekee. Ua la mbuyu, ambalo hufunguka jioni na kwa kawaida huwa limeanza kunyauka asubuhi inayofuata, lina petali nyeupe nzito mbele ya matawi meusi au anga linaloingia giza. Kamera huuona weusi, hudhani picha ni giza, na huongeza mwanga hadi petali zinapoteza kila mkunjo. Tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushuke hatua 1 chini, kisha utazame histogramu, mchoro unaoonyesha mwanga wa picha kutoka weusi (kushoto) hadi weupe (kulia): mlima wake usigonge ukuta wa kulia. Mbawakawa mweusi kwenye mchanga mweupe wa korongo ni kinyume chake. Hapo kamera hufanya picha kuwa giza, na unapanda hatua 1 juu.

Flashi inaacha madoa meupe, na nyuma ni usiku

Doa jeupe juu ya mgongo wa mbawakawa ni taswira ya flashi yenyewe, kwa kuwa gamba lake ni laini na hurudisha mwanga. Flashi ndogo hutoa doa dogo kali. Uso mpana wa mwanga hutoa mng'ao mpole unaofuata umbo la gamba. Kata kipande cha chupa nyeupe ya plastiki, au tumia karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ukiweke mbele ya flashi na karibu kabisa na mdudu. Ukaribu ndio unaofanya kazi: kipande kile kile kikibaki nyuma juu ya kamera hakibadilishi chochote.

Weusi wa nyuma hutokea kwa sababu mwanga wa flashi hupungua upesi kwa kadiri ya umbali. Kitu kilicho mbali mara mbili hupata robo tu ya mwanga. Punguza kasi ya shata hadi karibu 1/60, ongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kiasi, na acha mwanga wa asili uijaze nyuma, au chagua pembe ambayo nyuma ya mdudu kuna jani umbali wa sentimita chache. Mdudu hatatikisika sana kwa kasi hiyo ndogo, kwa kuwa yeye anamulikwa na flashi, ambayo mwako wake ni mfupi kuliko mwendo wa shata.

Rangi si zile ulizoziona

Udongo mwekundu hurudisha mwanga wa rangi yake juu ya kila kitu kilicho karibu nao, na tumbo jeupe la mjusi huonekana la waridi. Chini ya miti, majani hufanya vivyo hivyo kwa ukijani. Piga picha moja ya karatasi ya kijivu katika mwanga ule ule, uitumie kusahihisha mizani ya weupe (white balance) nyumbani, na hifadhi faili ghafi (RAW) ikiwa kamera au simu yako inaruhusu.

Nyekundu kali ni tatizo la aina nyingine. Ua la Gloriosa superba, ambalo petali zake nyekundu na njano hupinda kwenda juu, na wale utitiri wakubwa wekundu wenye ngozi kama mahameli wanaotambaa ardhini baada ya mvua za kwanza, hutoka kwenye picha wakiwa bapa, bila umbo wala vinyweleo. Histogramu ya jumla inaweza kuonekana salama huku ile ya rangi nyekundu peke yake imekwisha kugonga ukuta. Fungua histogramu ya rangi tatu, na ushuke hadi nyekundu ipate nafasi. Zambarau nayo hugeuka kuwa buluu katika kamera nyingi. Kivuli husaidia, lakini usitegemee ulinganifu kamili.

Madoa meusi yanayorudi mahali pale pale

Doa la duara linalorudi kwenye kona ile ile ya kila picha ni vumbi juu ya sensa. Ili kuthibitisha, piga picha ya anga tupu kwa f/22 bila kulenga. Doa likionekana kwenye f/22 na kutoweka kwenye f/4, liko kwenye sensa, na kuisugua lenzi hakutasaidia. Tumia kipulizio cha mpira, mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa kinywa, kwa kuwa mate ni mabaya kuliko vumbi. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari lililofungwa vioo, na ikibidi nje, basi ukiwa umeupa upepo mgongo.

Kiumbe anatoroka kabla ya picha

Hapa lenzi haina kosa, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda wake mwingi kuliko mahali pengine popote. Mdudu hakimbii kamera. Hukimbia kivuli kilichompita, mtetemo uliofika kwenye tawi lake, au kitu kikubwa kilichosogea ghafla dhidi ya anga.

Kipepeo akiruka wakati ule ule kila unapofika umbali fulani, tazama kivuli chako kilianguka wapi. Karibia ukiwa umeuelekea upande wa jua kidogo, ili kivuli kibaki nyuma yako. Panzi akizunguka upande wa pili wa bua, ameona umbo lako. Mkono ukipelekwa taratibu upande aliojificha humrudisha mbele ya lenzi. Kereng'ende wa kando ya bwawa la Hombolo hurudi kwenye kijiti kile kile mara kwa mara, hivyo aliyeruka si wa kufukuzwa: kaa karibu na kijiti na umngoje. Buibui akishuka kwa uzi, goti lako limegusa nyuzi za tando lake.

Joto lina sehemu kubwa katika jambo hili. Wadudu na mijusi hupata joto la mwili kutoka nje, na asubuhi za Juni na Julai, ambapo Dodoma hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, panzi na vivunjajungu hukaa karibu bila kutikisika hadi jua liwafikie. Saa 5 mchana mdudu yule yule hakaribiki. Wapo wanaowapoza wadudu kwenye jokofu ili watulie. Njia hiyo humdhuru kiumbe na humtoa kwenye mkao wake wa asili; mtazamaji mzoefu huigundua kwa miguu iliyokunjwa vibaya, na mimi sioni sababu yoyote ya kuitumia wakati baridi ya asubuhi inatolewa bure.

Kinyonga ana dalili zake mwenyewe. Akigeuka kuwa mweusi, akijivimbisha na kufungua kinywa, ameingiwa na hofu, na picha zitakazofuata zitaonyesha hofu hiyo tu. Rudi nyuma na ukae. Asivutwe kutoka kwenye tawi, kwa kuwa hushika kwa nguvu na vidole vyake huumia. Kwa vile watu wengi humwogopa, kumtangaza kijijini kunaweza kumletea mawe. Ni bora kumwacha tawini bila kelele.

Anayelala kifudifudi nyikani akague kwanza anapolala. Kifutu hutegemea kujificha na hakimbii anapokaribiwa. Jiwe likiinuliwa, liinuliwe kwa kulivuta upande wa mbali kuja kwako, ili lenyewe liwe ngao, kisha lirudishwe kama lilivyokuwa. Utomvu wa mnyaa, unaooteshwa uzio kuzunguka nyumba nyingi za hapa, huumiza macho vibaya sana, na mpiga picha ndiye mtu anayeyapeleka macho karibu nao.

Kiangazi: hakuna kitu cha kupiga picha

Vipo, ila vimehama. Tafuta chini ya magome yaliyoachana na mti, ndani ya mashimo ya mibuyu, kwenye unyevu unaodondoka chini ya bomba la kijiji, na pembezoni mwa mashamba ya zabibu yanayomwagiliwa ya Makutupora na Hombolo, ukiwa umemsalimu mwenye shamba na kumweleza shida yako. Maelezo hayo ni ya lazima kila mahali, kwa sababu mtu anayetambaa na kifaa machoni hudhaniwa anapima ardhi au anatafuta madini; kupita kwa mtendaji wa kijiji asubuhi huondoa mashaka yote, na ndani ya pori la akiba kama Swagaswaga kibali hakiepukiki.

Usiku hutoa mengi. Nge hung'aa kwa rangi ya kijani na buluu wakimulikwa na tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile ile inayotumika kukagua noti. Weka kamera kwenye tripodi, zima flashi, na uache shata wazi kwa sekunde kadhaa. Nge akionekana mweusi ilhali tochi ni nzima, huenda amejivua gamba karibuni. Gamba jipya halina mng'ao hadi likomae. Vaa viatu vya kufunika mguu.

Kifaa kinajizima au kioo kinafifia

Ni joto. Simu hupunguza mwanga wa kioo na kuzima tochi ili kujilinda, na flashi ya kamera hukataa baada ya miako mingi ya mfululizo. Iweke kivulini, nje ya mfuko, bila kifuniko chake, na usiipoze kwa barafu au hewa ya baridi ya gari, kwa kuwa unyevu unaweza kujikusanya ndani.

Picha ni nzuri, lakini hakuna anayeweza kutambua spishi

Tatizo hili ndilo linalofanya picha nyingi nzuri za nyika yetu zikose manufaa ya kisayansi, na huwa halina tiba baada ya kurudi nyumbani. Ua lililojaza fremu halimwambii mtaalamu kama mmea ni mti, kichaka au mtambaazi. Piga mmea mzima na mahali ulipoota, jani upande wa juu na wa chini, namna majani yanavyopangika kwenye kijiti, ua kutoka mbele na ubavuni, tunda, na gome. Weka rula au sarafu kando kwa picha moja. Kwa mdudu, mgongo, ubavu na uso ni vya lazima. Nondo wengi hutenganishwa kwa mishipa na madoa ya mabawa, na buibui wengi kwa mpangilio wa macho manane. Buibui wachanga na wadudu ambao hawajapevuka huenda wasitambulike kwa picha yoyote, na hilo likubaliwe.

Migunga ndiyo inayosumbua zaidi hapa, na jibu mara nyingi liko kwenye miiba ambayo mpiga picha aliikwepa. Miiba mirefu iliyonyooka, miwili miwili chini ya jani, huelekeza kwenye kundi linaloitwa sasa Vachellia. Vikulabu vifupi vilivyopinda huelekeza kwenye Senegalia, na vikiwa vitatu vitatu, kimoja kikitazama chini, fikiria Senegalia senegal, mti wa gundi ya arabu. Vachellia tortilis huwachanganya wengi kwa kuwa na miiba iliyonyooka pamoja na vikulabu kwenye tawi moja, ila ganda lake lililojisokota halina mfano. Kwa hiyo piga picha ya mwiba, kwa ukaribu, pamoja na mahali unapoungana na kijiti, na ya ganda hata kama limeanguka chini.

Unapotafuta jina la mgunga au kupeleka picha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu hutambua viumbe kwa picha, jaribu majina yote mawili, la sasa na la zamani la Acacia. Mkutano wa kimataifa wa wanabotania wa Vienna mwaka 2005, uliothibitishwa na ule wa Melbourne mwaka 2011, uliliacha jina la Acacia kwa miti ya Australia, na maandishi mengi ya zamani kuhusu migunga ya Tanzania bado yanatumia jina hilo.